Koti la Shemeji Ukutani

Jumapili, 3 Januari 1988

Daftari hili lilibaki darasa langu la watu wazima lilipofungwa mwezi jana, na kwa kuwa nimeshajiuzulu kazi, hakuna wa kunidai. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu. Dholuo, lugha yetu ya Kijaluo, kila mtu katika boma hili anakisoma, na ni mimi mwenyewe niliyewafundisha. Mama mkwe wangu anasoma bahasha, anasoma karatasi iliyofungiwa chumvi, anasoma barua zisizomhusu. Kiswahili bado kinamshinda, basi hapa nitasema ninachotaka.

Leo baada ya ibada nimesimama mbele ya watu nikatangaza kwamba nagombea udiwani wa Kasewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakatazama viatu vyao. Sikutegemea zaidi.

Kisha nikaenda kupima korongo. Kutoka ukingoni hadi ukuta wa darasa la kwanza ni hatua arobaini na sita. Mwaka ule mume wangu Ouma alipofariki, na haijapita miaka miwili, zilikuwa tisini. Watu husema ni mvua. Mvua gani? Malori yanashuka huko chini kila siku kuchimba mchanga wa kujengea nyumba za Kisumu. Mguu wa korongo ukiliwa, kuta za juu zinakosa pa kusimama, na mvua ikija inamalizia tu. Malori ni ya Zadock, na Zadock ndiye diwani wetu mwaka wa tisa sasa. Nikipata kiti hicho nitaomba baraza lipige marufuku uchimbaji, kisha tupande mkonge na matete kutoka juu hadi chini. Sina ahadi nyingine. Sijui hata kama najua kuahidi kitu kingine.

5 Januari

Jua kali. Nimemwagilia miche asubuhi na jioni.

Jumamosi, 9 Januari

Kampeni si kazi ya kubeza. Leo nimetembelea maboma kumi na manne na kisigino kimepasuka. Kila mahali wamenipokea vizuri kuliko nilivyofikiri. Mama wa nyumba anatoka mbio kunilaki, na kabla sijafika langoni kiti kimeshaletwa nje, chini ya kivuli cha ua, na maji ya kunywa juu yake. Hawanisumbui kuingia ndani. Tunaongea hapohapo barabarani, wananisikiliza, wanaitikia. Mimi ni mtoto wa Manyatta, nililelewa na kelele za Kisumu, na miaka kumi na tano hapa Nyakach bado wananiita Nyar Kisumo, binti wa Kisumu. Lakini heshima ya leo imenifuta machozi. Kiti nje, maji, maneno mazuri.

13 Januari

Mvua ya ghafla, isiyo ya msimu. Hatua arobaini na tatu.

Jumapili, 17 Januari

Nimegawa miche baada ya ibada. Mkonge mia mbili, grevilea themanini, na mafungu ya matete. Kikundi chetu cha akina mama kimeiotesha tangu Agosti kwenye kitalu kilichoko nyuma ya nyumba yangu. Kila mmoja alibeba ya kwake kichwani akiimba. Niliwaambia wapande kando ya mifereji inayoteremka korongoni, kila boma lizibe mfereji wake. Hata wanaume watatu walichukua. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

20 Januari

Zadock amepita na gari lake na kunipungia mkono. Anatabasamu sana huyu mzee.

Jumapili, 24 Januari

Sitaki kuandika hili lakini nisipoliandika litanikaba.

Nelima, muuguzi wa zahanati yetu, ndiye rafiki yangu wa kweli hapa. Kwao ni Bungoma, na pengine ndiyo sababu tunaelewana, wote wageni. Leo baada ya kanisa hakutaka kwenda nyumbani. Akaniambia twende naye kidogo hadi daraja la mfereji, lile la barabara ya Pap Onditi. Nilidhani anataka kupunga upepo.

Chini ya daraja kulikuwa na miche yangu. Haikutupwa ovyo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ilikuwa imepangwa vizuri, mafungu kwa mafungu, mingine imefunikwa majani ya mgomba isipigwe na jua, kama vitu ambavyo mtu ameviacha kwa huruma. Grevilea zilikuwa zimekauka. Mkonge ulikuwa hai, maana mkonge haufi upesi.

Nilimuuliza Nelima nani amefanya hivi, Zadock?

"Zadock gani? Ni wao wenyewe," akasema. "Selpha, wewe unajifanya hauoni ama? Wewe ni mjane na haujarithiwa. Kitu imetoka kwa nyumba yako haiwezi kuingia boma ya mtu. Hata wewe mwenyewe. Ulikuwa unafikiria ile kiti ya nje ni ya nini?"

Nikakaa chini pale pale kwenye mawe.

Ninaijua desturi, si mjinga. Ouma alipozikwa wazee walikuja, nikawaambia mimi ni wa kanisa na siwezi kurithiwa na mtu kama jembe. Walinyamaza, nami nikachukua kimya chao kuwa kukubali. Darasani walikuja kwa sababu darasa lilikuwa kanisani, na kanisa si boma la mtu. Barabarani walinisalimu kwa sababu barabara ni ya wote. Kwa karibu miaka miwili sijakanyaga ndani ya nyumba ya jirani hata moja, na sikuona, kwa kuwa nilikuwa na kazi nyingi na kiburi kingi. Watu wanaamini nikiingia kwao kabla sijatakaswa, mtoto wao ataugua. Hawanichukii. Wananipenda, wananiletea kiti, na wananiogopa.

Nani atasimama nyuma yangu siku ya mlolongo? Kura si ya siri safari hii. Unasimama nyuma ya mtu wako uwanjani, mchana, majirani wote wanakuona, unahesabiwa. Nani atausimamisha mwili wake nyuma ya mwili wangu?

Nimelia hadi kitambaa cha kichwa kikalowa.

27 Januari

Hatua arobaini na moja, bila mvua. Ni malori tu.

Jumamosi, 30 Januari

Mama mkwe amekuja na uji. Akiniletea uji najua ana neno. Akazunguka, akasifu kuku wangu, akasifu kitalu, mwishowe akasema Joram ameongea na wazee.

Joram ni mdogo wake Ouma. Ana ng'ombe wa plau na amelima nusu ya mashamba ya Kasewe, mengine bila kudai, na tangu nifiwe hajaniacha nilime kwa jembe. Ana mke wake na watoto wake. Si mtu mbaya. Nataka niandike hilo wazi, maana huko mbele huenda nikasahau.

Jioni alikuja mwenyewe. Hakuingia, alisimama mlangoni akizungusha kofia yake. Akasema kuna namna ya Wakristo siku hizi, hata wachungaji wanafumba macho. Mwanamume anaingia, anatundika koti lake ukutani, anakunywa chai, anaondoka. Koti linabaki. Hakuna zaidi ya hapo. Wazee wanahesabu kwamba mambo yamekwisha, na mjane yuko huru kuingia popote.

"Ni koti tu, Nyar Kisumo," akasema. "Mimi sitakuguza. Nataka hata mimi hiyo shule isianguke, watoto wangu wako hapo."

Nimemwambia nitafikiri. Kufikiri gani? Siku ya mlolongo ni tarehe ishirini na mbili.

Jumanne, 2 Februari

Limetundikwa. Koti la kahawia, limechanika kwapani. Joram alikunywa chai, akala mkate, akasema nyumba ina baridi nzuri, akaenda zake. Wazee wawili walikaa nje kushuhudia. Mama mkwe aliimba wimbo wa tenzi.

Nimemwomba Mungu msamaha, kisha nikamwomba Ouma. Nikajiambia ni kitambaa na vifungo vinne. Kama koti moja linaweza kuzuia korongo, nitundikiwe hata kumi.

Ijumaa, 5 Februari

Nimeingia! Maboma tisa leo, na kila moja nimepita langoni, nimepita mlangoni, nimeketi kwenye kiti cha ndani. Mama Dorca, jirani yetu wa karibu kabisa, alinishika mikono akalia. Alisema amekuwa na aibu ya kunipa maji barabarani kama mpita njia. Nimekunywa uji nyumba tisa hadi tumbo linaning'inia. Nimeona vitanda vipya, mtoto nisiyejua kuwa alizaliwa, picha ya harusi ambayo sikualikwa.

Mkonge tuliuchukua pale darajani, ule uliobaki, na wanawake wameanza kuupanda kwenye mifereji. Niliwaonyesha: shimo la kina cha kiganja, safu kukata mteremko, si kuufuata. Wakanitania kwamba mke mpya ana nguvu. Nilicheka nao. Leo nimefurahi na sioni haya kuandika hivyo.

Jumatano, 10 Februari

Karatasi za wagombea zinapokelewa kesho. Mgombea anahitaji wadhamini wawili, wenye kadi za chama, watie sahihi. Nilikuwa nao tangu Desemba: Mzee Wuon Adoyo na Tom wa posho mill, kinu cha unga. Leo asubuhi nimekwenda kwa Tom nikaambiwa ameenda kwa Joram. Nimekwenda kwa Mzee, naye ameenda kwa Joram. Basi nami nikaenda kwa Joram.

Wazee wa ukoo wote walikuwa wameketi pale. Kuku ameshachinjwa. Nikapewa kiti, cha ndani. Mzee Wuon Adoyo akaanza kwa kunisifu. Alisema nimeutetea udongo wa Kasewe kama mwanamume, na ukoo umeona. Zamani nilikuwa mjane, nilijisemea mwenyewe, hakuna aliyenizuia. Sasa nina mume. Mtu mwenye mume hawezi kwenda mbele ya watu akamwacha mumewe nyuma ya mlolongo akitazama kisogo chake. Watu watamcheka Joram, na wakimcheka Joram wameucheka ukoo. Basi ukoo umekubaliana: kazi ni ileile, jina tu ndilo litakuwa la Joram. Wadhamini wameshatia sahihi.

Nikasema ni koti. Nikasema tulikubaliana ni koti tu.

"Koti ni la nani?" Mzee akauliza, kwa upole kabisa, kama nilivyokuwa nikiuliza darasani.

Nilimtazama Joram. Alikuwa akitazama mikono yake. Sikuona ushindi usoni mwake, niliona mtu aliyepewa zawadi kubwa kuliko alivyozoea na hajui aishike vipi. Alisema tutafanya kazi pamoja. Alisema mimi nitakuwa kichwa na yeye mdomo.

Nikatoka. Nilitaka kwenda kwa Nelima, miguu ikanileta kitaluni.

11 Februari

Nimemwambia Joram aje achukue koti lake. Amekataa. Anasema koti la namna hiyo haliondolewi mtu akiwa hai. Mama mkwe amesema nikilitoa nitakuwa nimemtamkia kifo mwanawe aliyebaki, na akaanza kutetemeka kweli, si maigizo. Nimeliacha.

12 Februari

Sikutoka.

13 Februari

Sikutoka.

Jumanne, 16 Februari

Mkutano wa Joram sokoni. Nimeketi mbele, kwenye kiti cha mke wa mgombea, karibu na mke wake wa kwanza ambaye hanisemeshi, na ana haki. Joram aliongea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alitaja korongo, alitaja shule, alitaja mkonge. Nikaanza kuwa na tumaini, mjinga mimi. Halafu vijana wa nyuma wakauliza kuhusu mchanga, wao watakula nini. Joram akasita. Niliona akipima umati kwa macho kama anavyopima shamba kabla ya kulima. Akasema mchanga ni mali ya Kasewe, na kosa la Zadock ni kuwapa kazi watu wa nje. Akishinda yeye, mchanga utachimbwa na vijana wetu wenyewe.

Makofi yalikuwa makubwa. Wanawake wa kikundi changu walinitazama. Sikujua niweke wapi uso.

17 Februari

Nimemwambia Joram kwamba korongo halijui koleo ni la nani.

"Acha kwanza tushinde," akasema. "Nikikataa mchanga leo, hao vijana wanarudi kwa Zadock kesho. Nikishakaa kwa kiti, utaniambia pole pole." Kisha akaongeza kwamba nimekonda, nile.

Hatua thelathini na nane.

Jumatatu, 22 Februari

Mlolongo ulifanyika uwanja wa shule, korongo likiwa pale pale nyuma ya madarasa. Zadock alisimama upande wa milingoti ya goli, Joram upande wa jiko. Saa nne karani akasema watu wajipange, na asiyejipanga atoke uwanjani.

Nilikuwa nimeamua kutoka. Usiku kucha nilikuwa nimelipanga hilo: nitasimama katikati, watanitazama, halafu nitatoka kwa mguu wangu. Nilitaka angalau niwe mtu mmoja ambaye hakuhesabiwa kwa ajili ya mchanga.

Lakini wanawake wangu walikuwa hawajajipanga. Sitini na kitu, wamekusanyika kando ya ua na vitambaa vyao, wakingoja kuona miguu yangu inakwenda wapi. Mama Dorca aliniuliza kwa macho tu. Nikiondoka wangeondoka nami, hilo lilikuwa wazi. Mlolongo wa Zadock ulikuwa mrefu kuliko wa Joram, niliona, kila mtu aliona. Zadock akishinda, mambo yamekwisha. Joram akishinda, yuko boma moja nami, anakula chakula changu mara moja moja, ana watoto shuleni. Mtu wa namna hiyo unaweza kumsumbua kila siku hadi asikie. Nilijiambia hivyo. Nilijiambia haraka haraka, kwa sababu karani alikuwa ameshika saa. Sasa nikiandika naona kwamba nililiamini kwa sababu lilinipa mahali pa kusimama.

Mama mkwe akaniita kutoka mlolongoni, akiwa amenishikia nafasi. Nikaenda. Wanawake wakanifuata kama walivyonifuata kwenye mifereji, safu moja nzuri. Karani alipita akigusa kila mtu begani. Mimi nilikuwa mia mbili na kumi na tisa.

Joram ameshinda kwa watu thelathini na wanne.

25 Februari

Kichwa kinauma. Nelima ameniletea dawa.

3 Machi

Malori mawili mapya. Si ya Zadock, yamekodiwa. Vijana wetu wanaimba wakichimba.

8 Machi

Joram ametangazwa diwani, hakuna aliyempinga. Amenunua suti. Nilimsumbua kuhusu marufuku, nikamsumbua tena. Anasema "pole pole". Hanikemei, hanipigi, ananisikiliza hadi mwisho kisha anasema pole pole. Afadhali angenipiga, ningejua la kufanya.

Jumapili, 20 Machi

Mvua imeanza Ijumaa jioni na haijakata. Ni mvua ya msimu sasa, ile tuliyokuwa tukiomba. Mkonge wetu ungehitaji msimu mzima kushika udongo, na haukupata. Safu yote ya juu imeondoka na ukingo, pamoja na hatua zote zilizokuwa zimebaki. Jana Jumamosi, mchana, ukuta wa darasa la kwanza ukaanguka korongoni pamoja na ubao. Hakukuwa na mtoto ndani, kwa kuwa ni Jumamosi.

Leo baada ya ibada wanawake wa kikundi wamekuja kwangu, kama ishirini, wamelowa. Waliingia hadi ndani, siku hizi wanaingia. Wakakaa sakafuni. Mama Dorca akasema wao wako tayari. Kesho wanataka kwenda kulala kwenye njia ya malori, wazee kwa vijana, hadi malori yarudi yalikotoka. Wanachotaka ni mimi niwatangulie, au kama siwezi, basi nimuulize diwani kama atawaunga mkono.

Joram yuko Kisumu kwenye mkutano wa baraza. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ametega sikio kwa kila neno. Chini kule watakaokutana na wanawake hawa si watu wa Zadock tena, ni watoto wao wa kuzaa, wenye makoleo, na ndio wanaowalisha. Nilifikiria hilo. Nilifikiria pia kwamba mimi ndiye niliyewapeleka mlolongoni, na kwamba wakiniuliza kwa nini sina la kuwajibu. Nilikuwa nimechoka, na hilo nalo ni kweli. Nilifungua mdomo nikitaka kusema twendeni.

Nikawaambia diwani ana habari. Nikasema jambo hili liko mezani kwake na litashughulikiwa, wawe na subira, wasifanye kitu cha kumwaibisha. Yalitoka bila kukwama, neno baada ya neno, wala sikujua niliyajifunza lini.

Waliniamini. Mama Dorca akasema kama mimi nimesema, basi. Wakasimama, wakanishukuru mmoja mmoja kwa mikono miwili, wakarudi kwao kwenye mvua.